Seli ya Ngozi Hujuaje Wakati wa Kukomaa?

Mtoto anapomwagikiwa uji wa moto, mzazi huuliza kwanza: "Daktari, ngozi itarudi?" Jibu limo katika tabaka la chini kabisa la ngozi ya juu, ambako seli hupokea maelekezo ya kugawanyika au kukomaa.

Mwaka 1962 Stanley Cohen, wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt nchini Marekani, alieleza protini aliyoitenga kutoka tezi za mate za panya. Vitoto vya panya vilivyodungwa protini hiyo vilifumbua macho kabla ya wakati, kwa kuwa ngozi ya kope ilikomaa upesi. Kwa uvumbuzi wa vichochezi vya ukuaji, Cohen na Rita Levi-Montalcini walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1986.

Kichochezi hakihitaji kuingia ndani ya seli ili kufikisha ujumbe. Hushikamana na kipokezi kilichomo katika utando wake, mithili ya mgeni apigaye hodi mlangoni. Kipokezi huamsha mfululizo wa protini zinazopokezana habari hadi kwenye kiini, nayo seli hugawanyika. Seli za ngozi ya ndani pia hutoa vichochezi vinavyozihimiza zile za juu.

Seli ikiliacha tabaka la chini, maelekezo hubadilika. Kiwango cha kalsiamu huongezeka, na seli jirani hutoa ishara za kukomaa. Seli huacha kugawanyika, hujaa keratini, hupoteza kiini chake, na hatimaye hupukutika. Hivyo ndivyo ngozi inavyojijenga upya daima.

Turudi kwa mtoto wetu. Ujumbe haufai kitu pasipo wa kuupokea. Uunguzi usipofika ndani sana, seli zilizosalia kwenye mizizi ya nywele huitikia wito, huongezeka na kulifunika jeraha. Seli hizo zikiteketea zote, hakuna kichochezi kiwezacho kuzifufua; jeraha kubwa litahitaji kupandikizwa ngozi.

Kwa hiyo, aliyeungua amwagiwe mara moja maji safi, ya baridi ya kawaida, yanayotiririka, kwa dakika 20, huku sehemu nyingine za mwili zikikingwa na baridi. Asipakwe dawa ya meno, mafuta wala barafu. Kisha apelekwe kituo cha afya. Maji hayo hupunguza kina cha jeraha, na kunusuru seli ambazo kesho zitaitikia hodi.