Petina Gappah na mpishi wa Kwihara aliyesahaulika

Ukimpeleka mwanao kwenye tembe la Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, atarudi nyumbani na majina mawili: David Livingstone na Henry Stanley. Ni kweli, mwaka 1872 wazungu hao walikaa hapo, kando ya njia ya misafara ya Bagamoyo na Ujiji. Lakini mzazi, muulize swali moja: nani alimpikia Livingstone?

Aliitwa Halima, naye hakuwa mwanamke huru. Katika shajara yake, Livingstone anaeleza kuwa siku moja Halima aligombana na mwanamke mwenzake, akaondoka. Baadaye alirudi mwenyewe, akasubiri nje mpaka aambiwe aingie. Livingstone alimsifu kwa uaminifu, akampa nguo ya kujikinga na baridi, na akaandika kwamba wakifika Zanzibar atamwacha huru na kumnunulia nyumba na bustani.

Hawakufika pamoja. Mei 1873 Livingstone alifariki kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, baada ya kuugua na kutokwa damu kwa muda mrefu. Watu wake, wakiongozwa na Chuma na Susi, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakautia mwili chumvi, wakauanika juani kwa wiki mbili, kisha wakaubeba. Walipofika Unyanyembe, Luteni Cameron aliwashauri wamzike huko huko. Walikataa, na Februari 1874 wakaingia Bagamoyo.

Vitabu viliwakumbuka Chuma na Susi. Halima alikuja kukumbukwa na mwandishi Petina Gappah.

Gappah alizaliwa Zambia mwaka 1971, akakulia Zimbabwe, akasomea sheria na kufanya kazi Geneva kama mwanasheria wa biashara ya kimataifa. Akiwa na kazi hiyo, aliandika. Kitabu chake cha kwanza, mkusanyo wa hadithi fupi, kilishinda mwaka 2009 tuzo ya kitabu cha kwanza ya gazeti la Guardian la Uingereza.

Mwaka 2019 alitoa riwaya ya Out of Darkness, Shining Light. Safari ile ya kubeba mwili inasimuliwa na watu wawili: Jacob Wainwright, kijana aliyesomeshwa na wamisionari, na Halima. Wainwright aliacha shajara yake. Kwa Halima, Gappah alikuwa na mistari michache tu ya Livingstone, mengine aliyabuni. Halima wake ana mdomo, na haogopi kuwasema wanaume wa msafara. Mweleze mtoto kwamba hiyo ni riwaya, si historia.

Kina Halima wapo hata kwenye koo zetu. Bibi aliyepika kwenye kila msiba na kila harusi mara nyingi hatajwi ukoo unapohadithiwa. Likizo hii mpe mwanao daftari, akamuulize bibi alizaliwa wapi, aliolewaje, alifikaje hapo alipo. Ayaandike majibu kwa maneno ya bibi mwenyewe, bado yupo wa kuulizwa.