Stesheni Kongwe ya Nairobi Isigeuzwe Pambo

Mkazi wa Nairobi akisema anashukia “Railways”, aghalabu haikusudii reli. Anakusudia kituo cha matatu kilicho karibu na stesheni kuu ya garimoshi. Wanaisimu hukuita huku kuhama kwa maana. Kwa hakika abiria ndio waliohama kwanza, neno likawafuata.

Reli ilifika hapa mwaka 1899, na mji ukazaliwa kutokana nayo. Stesheni ikawa lango la mji, ijapokuwa Mwafrika alilipita kwa tiketi ya daraja la tatu. Reli ya kisasa ilipozinduliwa mwaka 2017, stesheni yake ya Nairobi ilijengwa Syokimau, mbali na katikati ya mji. Basi msafiri atokaye Mombasa hushuka huko, na akitaka kuingia mjini kwa reli hana budi kupanda garimoshi jingine, la ile njia ya zamani yenye upana wa mita moja. Kumbe mzee aliyedhaniwa kustaafu ndiye amfikishaye mgeni mjini!

Serikali haikuketi tu. Mwaka 2020 yaliletwa magarimoshi yaliyokwisha kutumika Uhispania, na Desemba 2022 ukazinduliwa, kwa ushirikiano na Uingereza, mradi mkubwa wa kuijenga upya ardhi ya reli pamoja na stesheni yenyewe. Hilo ni jema. Hofu yangu ni kwamba jengo la kale litapakwa rangi, liwekewe mikahawa, watu waje kupigiwa picha. Makumbusho ya reli tunayo tangu 1971, tena hatua chache kutoka hapo. Hatuhitaji ya pili.

Mwulize kibarua atokaye Embakasi akitakacho. Atakuambia anataka magarimoshi ya mchana pia, si ya alfajiri na jioni pekee. Anataka njia ya miguu yenye paa, itokayo jukwaani hadi kwenye matatu, asivuke barabara kwa kubahatisha. Anataka tiketi moja itakayomfikisha aendako, maana nauli mbili kwa safari moja humrudisha kwenye matatu, hata stesheni ikipendeza namna gani.

Isitoshe, vibao na matangazo viwe kwa Kiswahili kwanza. Anayelikimbilia garimoshi la jioni la Ruiru hana nafasi ya kutafsiri.