"Punguza Mawazo!"

Msomaji wangu, mara ngapi umetoka kwa daktari na karatasi mkononi na neno moja sikioni: punguza mawazo? Kana kwamba mawazo ni sukari, mtu aamue leo atatia vijiko viwili badala ya vitatu. Neno hilo ndilo alilopewa binti wa ndugu yangu huko Athi River, baada ya kupimwa damu, kifua na moyo pasionekane kitu. Na neno hilo ndilo lililonipandisha mimi garimoshi.

Binti huyu ni mzaliwa wa Mombasa, na huu mwaka wa tatu anashona suruali za jinzi katika kiwanda kimoja cha eneo la EPZ. Alianza kwa kulalamika mgongo. Ikafuata kifua kumbana, moyo kumwenda mbio usiku hali amelala, kisha tumbo. Mamake alipopata habari hakuuliza mara mbili: mtoto kaingiliwa. Wajuzi wakaitwa, wakataja jini la bara lipendalo mabinti wa pwani, na ikaamuliwa kuwa mimi niende nikamrudishe nyumbani, maana mshairi hudhaniwa siku zote kuwa hana kazi. Nikapewa chupa ya kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani juu ya sahani na kuoshwa kwa maji ya marashi, nimnyweshe kabla ya kufunga safari.

Niliondoka Miritini asubuhi kwa lile garimoshi lisimamalo njiani, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali, hata mchana ukawa umepinduka nikashuka Athi River. Ni mji wa vumbi la saruji na ng'ombe wa kuchinjwa, kwani kiwanda cha Portland na kile cha nyama cha KMC vilikuwako tangu kabla ya uhuru. EPZ ni mgeni zaidi. Sheria ya mwaka 1990 ndiyo iliyoyazaa maeneo haya, mwekezaji asamehewe kodi ya mapato kwa miaka 10 ilimradi bidhaa zake aziuze nje. Marekani nayo ilipopitisha sheria yake ya AGOA mwaka 2000, nguo za kutoka huku zikawa zaingia kule bila ushuru, na cherehani zikamiminika.

Nilisimama nje ya lango jioni ile. Wallahi sijapata kuona wanawake wengi namna ile wakitembea pamoja pasiwe na arusi wala maziko. Walitoka kimya, nyuzi zingali zimewaganda nguoni, wengi wakijishika viuno. Binti yangu alinibusu mkono, akanichukua chumbani kwake, akanipikia wali. Nikamtolea chupa ya mamake.

"Ami," akaniambia, "hili kombe nitalinywa, kwa kuwa mama kaliandaa kwa mikono yake. Lakini ujue kuwa kule kazini maji yenyewe sinywi."

Nikamuuliza kwa nini. Akanieleza kuwa katika laini yao, anayetaka kwenda chooni huomba ruhusa kwa supavaiza, na kadi ya kutokea ni moja kwa watu wote wa laini ile. Akitoka yeye, mifuko ya suruali hurundikana juu ya cherehani yake, na ubao wa tageti ulio mbele ya macho yao humwandika kuwa yuko nyuma. Basi ameona afadhali asinywe. Na siku zote tatu nilizokaa naye sikumsikia hata mara moja akilalamikia kushona. Kushona akupenda. Kilichomla ni ule ubao.

Hapa, ndugu msomaji, ndipo nilipoanza kushuku kuwa jini tumempachika jina la uongo.

Mwili wa binadamu umeumbwa na kengele yake. Ukikutana na simba, tezi mbili zilizokaa juu ya figo hutoa adrenalini, na nyuma yake kortisoli. Moyo huongeza mbio, damu hukimbilia misulini, sukari hupanda, tumbo likaacha kazi yake kwa muda. Simba akipita, kengele hunyamaza. Sasa fikiri simba asiyepita, anayeandikwa upya kwa chokaa kila saa. Hans Selye, alipokuwa Montreal, aliandika mwaka 1936 kuwa panya waliotiwa kwenye baridi, waliochoshwa kwa kazi na waliopewa sumu, wote waliishia na alama zile zile: tezi za juu ya figo zimevimba na tumbo lina vidonda. (Msikimbilie kusema kila kidonda cha tumbo ni mawazo. Tangu miaka ya 1980 imejulikana kuwa vingi huletwa na kijidudu, na vina dawa yake. Ndiyo maana nasema hospitali kwanza.)

Wala tusidhani kuwa elimu hii imeanzia kwa Wazungu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya maslahi ya miili na nafsi, akaeleza jinsi ugonjwa wa kimoja unavyokivuta kingine. Aliusia mtu ajiwekee akiba ya fikra njema wakati wa uzima, kama awekavyo dawa nyumbani. Ni nasaha njema sana. Walakini Balkhi hakupata kushona mifuko ya jinzi chini ya ubao.

Jambo lililonifungua macho zaidi ni la London. Mwaka 1967 ulianzishwa uchunguzi wa maelfu ya wanaume watumishi wa serikali, watu wa ofisini, hakuna mwenye njaa kati yao. Ungetarajia kuwa wakubwa, wenye mizigo ya kuamua mambo ya dola, ndio watakaoanguka kwa moyo. Ikawa kinyume. Walio ngazi ya chini kabisa walikufa kwa maradhi ya moyo kiasi cha mara tatu ya walio juu, na sigara na presha havikutosha kuieleza tofauti hiyo. Michael Marmot na wenzake walipofuatilia watumishi wa kizazi kilichofuata, wake kwa waume, walikuta kuwa asiye na sauti juu ya kazi yake ndiye aliye hatarini zaidi. Mmarekani Robert Karasek alikuwa amekwisha kulisema hilo mwaka 1979: kazi nyingi peke yake haimli mtu kama kazi nyingi isiyo na hiari.

Kazi nyingi isiyo na hiari. Nikaikumbuka kadi moja ya kwenda chooni.

Wenye kushikilia jini nao sitawacheka, kwani nimekulia nao. Nawasimulia tu kisa cha Malaysia. Katika miaka ya 1970 mabinti wa Kimalay, Waislamu wa vijijini, waliajiriwa kwa wingi katika viwanda vya vifaa vya elektroniki vilivyojengwa kwenye maeneo huru kama haya ya kwetu. Ghafla wakawa wanapagawa humo humo kazini, wakipiga mayowe, wengine wakiona mazimwi ndani ya darubini walizokuwa wakichungulia. Kazi husimama. Wakubwa wakawaita waganga, wakachinjiwa wanyama, wakatoa na vidonge vya usingizi. Aliyerudiwa na pepo mara kadhaa akapoteza kazi. Mtaalamu Aihwa Ong, aliyeishi miongoni mwao na kuchapisha kitabu chake mwaka 1987, aliona katika pepo wale malalamiko ambayo mabinti hawakuwa na ruhusa ya kuyatamka kwa kinywa chao.

Sisi wa pwani tungepaswa kuwa wa kwanza kulifahamu hilo. Katika ngoma za pepo, ambazo mwalimu wangu wa chuoni alizikataza kwa bakora, jambo la kwanza aulizwalo pepo ni: wataka nini? Na mwanamke ambaye mwaka mzima hakuthubutu kumwomba mumewe kanga, siku hiyo huagiza kanga, marashi na pete, na hupewa. Mwalimu wangu huyo, Mungu amrehemu, mimi nilimwogopa mno. Kila asubuhi ya kusikilizwa msahafu tumbo lilinikata hata nikajikunja. Mama alinipa tangawizi. Nilipohamishiwa kwa mwalimu mwingine tumbo likapoa bila tangawizi, na sikupata kumwambia mtu.

Usiku wa pili walikuja wenzake wa laini, Mkamba mmoja, Wajaluo wawili na Mkikuyu. Wana chama chao. Kila mshahara huchanga, na mmoja huchukua zote kwa zamu. Nilidhani ni mambo ya fedha. Saa nzima sikusikia hesabu, nilisikia vicheko. Ule ubao wameupa jina la Mavyaa, kwa kuwa kama mama mkwe haridhiki umfanyie nini. Neno hilo kalileta binti yangu, na mabinti wa bara sasa hulitamka kama waliozaliwa Mji wa Kale. Nikamwona anacheka huku kifua kimekunjuka, na wala hakuugusa mgongo wake.

Lakini nisimdanganye mtu kuwa kicheko kinatosha. Wakaja kwenye jambo walilokutanikia: waende pamoja, watano, kuomba kadi ya pili. Wakaogopa sana. Wanakumbuka walivyosimuliwa habari za Januari 2003, maelfu walipotoka viwandani kwa mgomo, na wengine wakarudi kukuta nafasi zao zina watu. Wanajua kuwa Septemba 2025 muda wa AGOA ulifika ukingoni, na tangu hapo hata habari za Washington huwapandisha mapigo ya moyo. Kadi moja ya plastiki, na wasichana watano wakatetemeka kama watakaoomba ufalme.

Jumatatu walikwenda. Waliambiwa jambo lao litafikiriwa. Jioni binti yangu alirudi amechoka kama kawaida, ila akanywa maji gilasi mbili mbele yangu, akasema leo amelala mchana kwa macho wazi kwa furaha ya kuwa wamesema.

Nilimuuliza kama nimkatie tikiti ya Mombasa. "La, ami. Mwambie mama mgongo ungali unauma, na kombe nakunywa."

Nikaondoka peke yangu. Kadi ya pili ilikuwa haijaja. Chupa niliiacha dirishani, imebakia nusu.