Gari la Furaha kwa Mfuko Mdogo (Sehemu ya 3): Volvo Kuukuu ya Joginder Singh

Tangu Januari 1, 2026, gari lililosajiliwa mara ya kwanza kabla ya 2019 haliruhusiwi kuingizwa nchini. Hiyo ndiyo kanuni ya miaka minane, na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) hutukumbusha kila mwaka unapoelekea ukingoni. Mwenye milioni tatu hana la kuhofia. Lakini kijana wa Makongeni aliyeniandikia juzi akitaka gari dogo "lenye moto" kwa Sh700,000 amefungiwa mlango wa Mombasa. Juu ya bei ya Japani kuna ushuru wa forodha wa asilimia 35, ushuru wa bidhaa wa asilimia 20 au 25 kutegemea ukubwa wa injini, kisha VAT ya asilimia 16, kila mmoja ukihesabiwa juu ya uliotangulia. Gari dogo linalothaminiwa Sh100 hutoka bandarini likiwa limedai takriban Sh90 nyingine. Kwa hiyo yeye na wenzake watanunua gari lenye nambari za Kenya tayari, lililokwisha kupita mikononi mwa watu wawili watatu.

Swali lake ni la haki na nitalijibu. Nguvu farasi, torki na kazi ya turbo tulizimaliza katika sehemu mbili zilizotangulia, sitazirudia. Ila kabla ya kutaja gari lolote nitaipitia historia ya Safari, yale mashindano yetu ya magari, kwa kuwa vijana wengi wanaopenda kasi hawajui kwamba eneo letu hili lilikwisha kulijibu swali lao mbele ya dunia nzima, tena zaidi ya mara moja.

Safari ilianza 1953 kwa jina la Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Jambo lililosahaulika ni namna magari yalivyopangwa. Hayakugawanywa kwa ukubwa wa injini. Yaligawanywa kwa bei yake ya dukani. Gari la bei ya chini lilipambana na la bei ya chini, la ghali na la ghali, na yote yalitakiwa yawe kama yalivyouzwa. Karani au mkulima aliyesoma matokeo aliweza kujua pesa zake zingemnunulia nini kwenye vumbi na tope la Afrika Mashariki. Laiti utaratibu huo ungedumu! Sijaona hadi leo mashindano yaliyomheshimu mnunuzi wa kawaida kiasi hicho.

Na nani waliotamba miaka hiyo ya mwanzo? Volkswagen, ile ya mgongo wa kobe, ilishinda 1954 na 1957. Mwaka 1956 ilishinda DKW, kigari cha Kijerumani chenye silinda tatu na injini isiyofika lita moja, inayochanganyiwa oili na petroli kama pikipiki za zamani. Mwaka 1963 mvua ilipoigeuza njia kuwa kinamasi, magari 84 yaliondoka na 7 tu yakamaliza. Mbele yao alikuwa Nick Nowicki na Peugeot 404, gari la familia ambalo wazazi wetu walilifahamu kwa safari za mbali. Peugeot hiyohiyo ilirudi kushinda 1966 na 1967 mikononi mwa Bert Shankland wa Tanzania, na 1968 mikononi mwa Nowicki tena.

Lakini mtu ninayetaka kijana wa Makongeni amjue ni Joginder Singh. Alizaliwa Kericho 1932, Singasinga, mwana wa fundi, akajifunza kazi katika gereji ya baba yake Nairobi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 aliajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki kuwa mtu wa doria: kazi yake ilikuwa kuzunguka barabarani akiwatengenezea wanachama walioharibikiwa njiani. Fikiria shule hiyo. Kila siku analetewa ugonjwa wa gari la mwingine, mbali na gereji, bila spea, na mwenye gari amesimama juani akisubiri. Mtu aliyesoma huko anajua ni bolti gani hulegea kwanza na rejeta gani haivumilii mlima.

Mwaka 1965 Joginder na ndugu yake Jaswant waliingia Safari na Volvo PV544. Gari hilo lilikuwa la umbo lililobuniwa miaka ya 1940, na kiwanda kiliacha kulitengeneza mwaka huohuo. Tena halikuwa jipya. Lilikwisha kutumikishwa na timu ya kiwanda kabla ya kufika mikononi mwao. Kwa lugha ya leo, ndugu hawa walinunua mtumba. Wakalifungua, wakakagua kila kiungo, wakalifunga upya kwa mikono yao. Walipewa namba 1, wakaondoka Nairobi wa kwanza, na baada ya maelfu ya kilomita wakarudi washindi, huku timu za viwanda vikubwa zikihesabu magari yaliyobaki porini.

Joginder alishinda tena 1974, safari hii na Mitsubishi Lancer ya lita 1.6, akiwa na David Doig. Wa pili alikuwa Björn Waldegård na Porsche 911. Waliojua bei za magari wangeapa kwamba Porsche haishikiki, na kweli kwenye lami haikushikika. Ila Safari haikuwa ya lami. Mwaka 1976 Lancer ilichukua nafasi tatu za kwanza, Joginder akiwa mbele, na tangu hapo hakuna mwenye haki ya kuniambia kwamba gari dogo ni gari la kuanzia tu.

Mfano wa mwisho ndio ninaoupenda kuliko yote. Mwaka 1993 Toyota ilileta Celica za turbo ikazoa nafasi nne za kwanza. Katika msafara huohuo Subaru iliingiza Vivio, kigari cha cc 660 chenye uzito wa takriban kilo 700 na nguvu farasi zinazozidi 60 kidogo tu. Vilikuwa vitatu, na kimoja kilipewa Colin McRae, ambaye baadaye angekuwa bingwa wa dunia. Yeye alikikimbiza hadi kikavunjika miguu. Patrick Njiru, Mkenya mwenzetu, alikituliza chake, akakisoma, akakitunza, na akamaliza wa 12 kwa jumla. Mwaka uliofuata alipewa Subaru Impreza, gari la kundi lisilofanyiwa mabadiliko makubwa, akamaliza wa 4. Nimewauliza vijana wengi wenye nembo ya nyota sita za Subaru kwenye fulana zao Njiru ni nani. Wanajua rangi ya rimu za dhahabu. Mtu mwenyewe hawamjui. Hilo linaniuma, na ni kosa letu sisi tuliowatangulia ambao hatukuwasimulia.

Sasa funzo la ufundi lililomo humo. Raha ya gari haitoki kwenye nguvu peke yake. Inatoka kwenye uwiano wa nguvu na uzito, na kwenye uzima wa vile vitu vinavyoligusa gari na barabara: tairi, breki, shoki, bushi, stelingi. Kilo 500 zikiondolewa, kila kimoja kati ya hivyo hupumua. Breki ndogo hutosha, tairi nyembamba hutosha, petroli hushuka, na dereva huisikia barabara katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa sheria mitaani mwetu. Mwenye gari zito la nguvu nyingi huanza kusikia kitu anapofika 120. Hapo ndipo tunapozika watu Jogoo Road na Outering. Mwendo ukiongezeka maradufu, umbali wa kusimama kwa breki huongezeka mara nne. Hesabu hiyo haimjali dereva hodari, na watoto wa Kaloleni na Mbotela wanaovuka barabara alfajiri kwenda shule hawana mahali pengine pa kuvukia. Anayetaka kupima saa yake aende kwenye autokrosi, avae helmeti, akashindane na wenzake waliokubali.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa huku ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kati ya asilimia 15 na 18. Injini iliyoandikwa nguvu farasi 110 Japani hapa hutoa kama 92. Ndiyo maana gari lilelile huonekana limefufuka likishuka Mombasa. Turbo husukuma hewa kwa nguvu na kuziba sehemu kubwa ya pengo hilo, na naamini hiyo ni sababu mojawapo ya Subaru za turbo kupendwa sana na watu wa nyanda za juu.

Lakini kwa Sh700,000 simshauri kijana wangu anunue Subaru WRX. Si kwamba gari ni baya. Ni kwamba WRX ya bei hiyo imekwisha kuchoshwa. Injini yake ya EJ20 imetungwa kwa petroli ya Japani ya daraja la juu, yenye oktani karibu 100, na yetu haifiki hapo. Mtu akiongeza msukumo wa turbo bila kurekebisha kompyuta, injini hugonga ndani kwa ndani mpaka pistoni zipasuke. Mkanda wa taimingi unatakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na muuzaji asiye na risiti ya kazi hiyo hajaifanya, hata aape. Legacy ya turbo mbili ina mipira ya hewa mingi hata fundi mzuri huikunia kichwa. Mark X nayo ni laini na ina zaidi ya nguvu farasi 200, lakini ni tani moja na nusu, na injini yake ya lita 2.5 hukusanya masizi ambayo lazima yasafishwe. Rahisi ghali.

Chaguo langu la kwanza ni Toyota Vitz RS ya kizazi cha 2005 hadi 2010, yenye giaboksi ya mkono. Ina injini ya 1NZ ya lita 1.5, ileile iliyo ndani ya Probox, kwa hiyo spea zake ziko Kirinyaga Road hadi duka la mwisho, na hakuna fundi wa Eastlands asiyeifahamu. Uzito wake ni kama kilo 1,030. La pili ni Suzuki Swift Sport ya miaka hiyohiyo: lita 1.6, nguvu farasi 125, mnyororo wa taimingi badala ya mkanda, na stelingi ambayo magari ya bei mara tatu yangeionea wivu. Spea zake ni adimu kidogo. Mwenye mfuko mnene zaidi atafute Swift Sport mpya, ya turbo, lita 1.4 na kilo 970. Hiyo ya 2019 bado inaruhusiwa kuingia, injini yake iko chini ya cc 1,500 hivyo inatozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 20, na turbo yake haibabaiki na mwinuko wa Nairobi.

Kati ya hizo Sh700,000, gari lenyewe lisizidi Sh500,000. Zilizobaki ni za tairi nne mpya za aina moja, breki, shoki, maji na oili zote, na bima. Kampuni nyingi hazikubali kutoa bima kamili gari likizeeka, hivyo uliza kabla ya kununua. Kijana akimaliza pesa zote siku ya kununua, ataendesha kwa tairi za mwenye gari wa zamani, na hiyo si furaha.

Bado fundi. Makongeni ulijengwa kuwa mtaa wa watu wa reli, na kwa miaka mingi watu waliolala pale walikuwa wakiamka kwenda kushika spana. Nyumba hizo zilianza kubomolewa mwishoni mwa 2025 kupisha mradi wa nyumba za bei nafuu. Watu wanahama na ujuzi unahama nao, na sioni mpango wowote wa kuuhesabu kama tunavyohesabu vyumba. Tunajaza vijana katika kozi za ofisini, halafu tunashangaa gari la Sh500,000 linapoharibiwa na mtu aliyejifunza kwa kubahatisha. Joginder hakuwa na digrii. Alikuwa na gereji ya baba, miaka ya doria, na watu waliomheshimu kwa kazi hiyo. Serikali za kaunti zingeweza kuwapa mafundi wa jua kali vyeti kwa kuwapima kazini, na mwenye gari angejua anamkabidhi nani.

Mpaka hilo litendeke, kijana wangu, mtafute fundi kabla ya gari. Mlipe siku yake, nenda naye kwa muuzaji asubuhi injini ikiwa baridi, na usikubali gari lililopashwa moto kabla hujafika. Linganisha nambari ya chesisi na ile iliyo kwenye hati ya umiliki, na uhamishe umiliki kupitia eCitizen kabla pesa ya mwisho haijatoka. Fundi apime mgandamizo wa kila silinda. Silinda moja ikiwa chini sana ya wenzake, shukuruni mwondoke.

Juma lijalo tutaingia chini ya gari lenyewe: bushi, shoki, na namna ya kusoma tairi iliyoliwa upande mmoja.