Watatari wa Poland: Nusu ya pili ya kisa

Kila saa, usiku na mchana, tarumbeta hulia juu ya mnara wa kanisa la Maria katika uwanja mkuu wa Kraków, mji wa kale ulioko kusini mwa Poland. Hupigwa mara nne, kuelekea pande nne za dunia, na kila mara sauti hukatika ghafla kabla wimbo haujesha. Wenyeji watakueleza sababu. Mwaka 1241, wasema, majeshi ya Watatari yaliuvamia mji. Mlinzi wa zamu akapiga tarumbeta kuwaamsha watu, na mshale wa Mtatari ukamchoma kooni.

Kwamba mji ulivamiwa na kuchomwa mwaka huo ni jambo la tarikhi. Kisa cha mshale hakimo katika maandishi ya zamani, bali kimeota mizizi mioyoni mwa watu, na tangu 1927 tarumbeta hiyo husikizwa kwenye redio ya taifa saa sita za mchana.

Mgeni Mwislamu aweza kuondoka Kraków akidhani kuwa katika nchi hii Mtatari ni jina la adui tu. Hiyo, msomaji, ni nusu ya kisa. Nusu ya pili iko kaskazini mashariki, karibu na mpaka wa Belarus, na safari ya siku nne au tano yatosha kuzipata zote mbili.

Tuanze hapo hapo Kraków, kwenye kilima cha Wawel, palipokuwa kasri la wafalme wa Poland. Miongoni mwa hazina zake mna mahema ya Kituruki yaliyotariziwa kwa ufundi mkubwa, mengine yakihusishwa na vita vya Vienna vya 1683, ambapo Mfalme Jan III Sobieski alilishinda jeshi la dola ya Uthmania. Wageni wengi huyatazama na kusema: hapa Mkristo alimshinda Mwislamu. Wachache wajuao kwamba katika jeshi la Sobieski mwenyewe walikuwamo wapanda farasi Waislamu.

Hao walitoka wapi? Watatari wa 1241 walikuwa chini ya ukoo wa Genghis Khan, na hawakuwa Waislamu; Uislamu uliwafikia baadaye. Mwishoni mwa karne ya 14, Mtawala Vytautas wa Lithuania aliwakaribisha baadhi yao, akawapa ardhi, nao wakamtumikia vitani. Lithuania na Poland zikaja kuungana, na Watatari wakawa watu wa nchi. Mwaka 1679 Sobieski alikuwa na deni la mishahara ya askari wake Watatari, na hazina yake ilikuwa tupu. Akawalipa kwa ardhi, katika vijiji vya Kruszyniany, Bohoniki na vinginevyo. Miaka minne baadaye walikuwa naye huko Vienna. Yasemekana walichomeka mabua kwenye kofia zao za vita ili wasichanganywe na Watatari wa upande wa pili. Waislamu walikuwa pande zote mbili.

Kutoka Kraków hadi Warsaw, mji mkuu, ni kiasi cha kilomita 300, na gari moshi huchukua muda usiofika saa tatu. Mji wa Kale wa Warsaw waonekana mkongwe, kumbe nyumba zake ni za baada ya Vita Vikuu vya Pili. Mwaka 1944, baada ya wakazi kuwaasi Wajerumani, mji ulibomolewa nyumba kwa nyumba. Wenyewe waliujenga upya kwa kufuata ramani zilizonusurika na picha alizochora Bernardo Bellotto, Mtaliana aliyekuwa mchoraji wa mfalme katika karne ya 18. Unesco iliutia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1980. Mji ulianguka, lakini kumbukumbu yake ilikuwa imewekwa, na kwa kumbukumbu hiyo ukasimama tena.

Kutoka Warsaw panda gari moshi la Białystok, mwendo wa kiasi cha saa mbili. Mji huu ndio makao ya Jumuiya ya Kidini ya Waislamu ya Poland, iliyoundwa 1925. Kruszyniany iko umbali wa kiasi cha kilomita 50. Mabasi ya huko ni haba, basi ni bora kukodi gari.

Msikiti wa Kruszyniany ni wa mbao, umepakwa rangi ya kijani, na asili yake ni karne ya 18. Una minara miwili mbele, na lau si hilali zilizo juu ungedhani ni kanisa la shamba. Si ajabu, maana mafundi walijenga kama walivyojua kujenga. Ndani kuna mihrabu, mimbari ya mbao, na sehemu ya wanawake iliyotengwa kwa ukuta wenye uwazi. Kutani zimetundikwa aya za Kurani zilizoandikwa kwa khati nzuri. Msikiti wa Bohoniki, wa karne ya 19, ni mdogo zaidi. Mwaka 2012 misikiti hiyo miwili pamoja na makaburi yake ilitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa.

Makaburi hayo wenyewe huyaita “mizar”. Sikio la mtu wa pwani litalitambua neno hilo mara moja, kwani sisi twasema maziara, na asili ni moja. Juu ya mawe utasoma Kiarabu, Kipolandi na hata Kirusi. Utaona ukoo kama Achmatowicz, na Ahmad yumo ndani yake.

Lugha yao ya Kitatari waliipoteza karne nyingi zilizopita, lakini herufi hawakuziacha. Waliandika vitabu vya dini, dua na tafsiri za Kurani kwa lugha za majirani zao, Kipolandi na Kibelarusi, kwa hati za Kiarabu. Aliyekaa chuoni na kuona tenzi zetu za kale za Kiswahili katika hati hizo hatahitaji kuelezwa zaidi.

Leo Watatari wa Poland ni elfu chache tu katika nchi ya watu zaidi ya milioni 37. Hawakosi maudhi: mwaka 2014 msikiti wa Kruszyniany na makaburi yake yalichafuliwa kwa rangi, ukutani pakachorwa nguruwe. Hata hivyo, wachache hao walipojiwa na mtihani mkubwa hawakurudi nyuma. Mwaka 2021 maelfu ya wahamiaji walikwama katika misitu ya mpaka wa Belarus, kwenye baridi kali, na baadhi yao walikufa. Watu wa Bohoniki waliwapikia supu askari wa mpakani, wakawakusanyia wahamiaji nguo na chakula. Na maiti waliowafikia waliwasalia na kuwazika pamoja na wazee wao: kijana kutoka Syria, mtu wa Yemen, na mtoto ambaye hakuwahi kuvuta pumzi ya dunia hii.

Mwenye nia ya kwenda na aulize kwanza habari za mpaka, maana sehemu za huko zimewahi kufungwa kwa wageni. Akifika Kruszyniany na aonje pierekaczewnik, tabaka nyembamba za unga zilizojazwa nyama, zikavingirishwa mfano wa konokono na kuokwa. Na akifika Bohoniki, asiishie msikitini. Maziara yako nje kidogo ya kijiji. Waliozikwa pale mwaka 2021 jamaa zao wako mbali, na Fatiha haina mpaka.