Mzigo ukikwama, ziwa lipo: Kutoka Kigobe hadi ufukweni

BUJUMBURA. Mzigo ukisubiri karatasi za forodha hadi Jumatatu, mfanyabiashara aliyefikia Kigobe hana haja ya kushinda chumbani. Ziwa Tanganyika liko upande wa pili wa jiji. Kinachotakiwa ni kwenda na kurudi bila kugusa fedha ya ushuru.

Tangu Machi 2022, pikipiki, bajaji na baiskeli za abiria zimezuiwa katikati ya jiji. Kwa hiyo safari ni ya basi dogo au teksi, kupitia mjini hadi barabara ya Gatumba, iliko Saga Plage. Mafuta yamekuwa adimu kwa miaka kadhaa, hivyo patana na dereva bei ya kwenda na kurudi kabla ya kupanda. Jumamosi asubuhi ni muda wa kazi za jamii na usafiri hupungua. Jumapili ni nafuu.

Mezani, agiza mukeke. Ndiye mgebuka wa Kigoma, huchomwa kwa mkaa na kuliwa na ndizi za kukaanga na vitunguu. Ndagala ni dagaa. Bei hupanda samaki wakiadimika, kama uvuvi unapofungwa. Tanzania ilifunga upande wake Mei 15 hadi Agosti 15, 2024. Chagua samaki mwenyewe, ukubaliane bei kwa faranga za Burundi kabla hajawekwa motoni.

Ondoka kabla ya giza, kwani viboko hutoka majini jioni. Anayetoka Kigoma akumbuke pia kwamba saa za Bujumbura ziko nyuma kwa saa moja.