Safari ya Sauti (Sehemu ya Nne): Wanaonunua CD Wana Hoja

Taarifa ya RIAA, chama cha kampuni za kurekodi muziki za Marekani, kwamba mwaka 2021 mauzo ya CD nchini humo yalipanda kwa mara ya kwanza tangu 2004, iliwashangaza wengi waliokwisha kuizika teknolojia hiyo. Msomaji aliyefuatilia sehemu zilizotangulia, akafahamu jinsi sauti inavyogeuzwa kuwa namba, atatambua kwamba wanunuzi hao wana hoja.

Hoja hiyo imo ndani ya namba 44,100, ambayo ni idadi ya sampuli, yaani vipimo vya wimbi la sauti, vinavyochukuliwa kila sekunde kwa kila chaneli. Sikio la binadamu hukomea kwenye mitetemo ipatayo 20,000 kwa sekunde, na kanuni ya kuchukua sampuli hudai vipimo vizidi maradufu ya hapo, sharti ambalo namba hii inalitimiza. Lakini kuchaguliwa kwa 44,100 hasa kulitokana na kanda za video, ambazo katika miaka ya 1970 ndizo zilizomudu kubeba data nyingi kiasi hicho. Wahandisi walipanga sampuli 3 katika kila mstari wa picha: kwa mfumo wa Japani na Marekani wa picha zisizo na rangi, mistari 245 ya kila nusu-picha, nusu-picha 60 kwa sekunde; kwa mfumo wa Ulaya, mistari 294, nusu-picha 50. Atakayezidisha atapata 44,100 kote kuwili, na upatanifu huo wa hesabu ni wa kustaajabisha kweli.

Philips ya Uholanzi na Sony ya Japani, zilizokuwa washindani, zilikubaliana juu ya kipimo hicho, kwa hiyo CD iliyouzwa Japani Oktoba 1982 bado huchezwa na mashine iliyoundwa leo. Uaminifu wa namna hiyo kwa mnunuzi umekuwa adimu, na ni aibu kwamba umeadimika.

Huduma za kusikiliza muziki kwa intaneti, ambazo nyingi hupunguza data ili kuokoa bando, humkodishia msikilizaji muziki tu: mkataba na mwenye haki ukiisha, albamu huondolewa bila yeye kuulizwa. Mwenye CD, kwa mfano zile za mfululizo wa Zanzibara zilizotolewa Paris na Buda Musique, hubaki na taarabu yake pamoja na kijitabu cha maelezo, na anaweza kuiazimisha, kuiuza au kuirithisha.